Programu ya chakula: Waulizwe kwanza wapishi na walaji

VIJANA wengi wanaosoma kompyuta hapa Kigali wana ndoto moja: kuunda programu ya simu ya kuagizia chakula. Mimi ni mwalimu wa somo hilo, na kila mwaka naletewa michoro ya aina hiyo. Karibu yote inafanana: picha ya piza, picha ya baga, kitufe cha kulipia. Nami huwauliza: Ni nani mliyemuuliza kabla ya kuchora?

Swali hili si la darasani tu. Kampuni ya Jumia ilisitisha huduma zake nchini Rwanda Januari 2020, na kufikia mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa imefunga biashara ya chakula hata Kenya na Uganda. Ikiwa kampuni yenye mtaji mkubwa imeondoka, kijana anayeanza na akiba ya mzazi wake hana budi kuwa mwangalifu.

Ndiyo maana muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu sharti: wiki mbili bila kugusa kompyuta. Waende kwenye mikahawa midogo ya Kimironko na Nyabugogo, wakae, watazame, ndipo waulize. Aidha, niliwakataza kuuliza, "Je, ungependa programu ya kuagizia chakula?" Watu wetu wana adabu; watakujibu ndiyo, na programu yako hawataigusa. Afadhali kuuliza: Jana mchana ulikula nini? Uliagizaje? Ulilipaje?

Sahani isiyo na orodha

Waliporudi, madaftari yalikuwa yamejaa. Mlaji wa "mélange" hachagui chakula kimoja katika orodha. Hulipa bei moja, akajipakulia mwenyewe wali, viazi, ndizi, maharage na mboga. Nyama hupimwa na mwenye mkahawa. Anayeagiza kwa simu husema: "Nizidishie maharage, tambi usiniwekee." Programu zenye orodha ya vyakula na bei hazina mahali pa kuweka maneno hayo. Kundi moja likachora sahani tupu, ambayo mteja anaijaza mwenyewe.

Kisha likaja suala la majina. Nilisoma shule ya msingi Karagwe, Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, na huko majani ya muhogo niliyajua kwa jina la kisamvu. Mwenzangu aliyekulia Bukavu anayaita sombe. Aliyekulia hapa nyumbani anasema isombe, na mgeni wa Kinshasa atatafuta pondu. Mji huu umejaa watu waliorejea kutoka pande zote hizo. Mwanafunzi aliyeandika jina la Kiingereza peke yake aliona wateja wakipita juu ya chakula wanachokipenda bila kukitambua. Sasa picha inatangulia, maneno yanafuata.

Anwani nazo zina mambo yake. Tangu mwaka 2012 barabara za Kigali zina namba zinazoanza na KN, KG au KK kufuatana na wilaya. Hata hivyo, wengi waliohojiwa walielekeza kwa kanisa, duka au rangi ya geti. Dereva wa pikipiki hupiga simu mara mbili tatu, na chakula kinapoa.

Simu ya mama

Lakini somo kubwa lilitoka jikoni. Kati ya saa sita na saa nane mchana, mama mwenye mkahawa hana mkono wa kushika simu, na simu yenyewe mara nyingi ni ya vitufe. Hata hivyo, *182# ya kupokea na kutuma fedha anaibonyeza bila kutazama. Basi oda imfikie kwa ujumbe mfupi, naye ajibu kwa tarakimu moja.

Mama mmoja aliwaambia wanafunzi: "Mkinikata katika kila sahani, nitapunguza nyama. Mteja atamlaumu nani?" Hakuna mchoro darasani uliokuwa umelijibu hilo. Kundi lake lilibadili hesabu, gharama ya kupeleka chakula ikaonyeshwa kando ili mteja aijue.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Skrini huchorwa kwenye karatasi, mtu akaombwa aagize huku mwanafunzi amenyamaza akitazama anapokwama. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba majaribio na watu watano tu hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro. Wateja watano hupatikana kwenye benchi moja la mkahawa.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nawaomba wanaofadhili miradi ya vijana, kabla ya kutazama programu inavyong'aa kwenye simu, wadai kuona daftari: nani alihojiwa, alisema nini, na mchoro ulibadilikaje. Asiye na daftari hilo arudi kwanza mkahawani.