Mama Hatungi: Theluji ya Machi na Usukaji wa Kumbukumbu

Msomaji wetu mmoja anayeishi Syracuse, jimbo la New York, ameniandikia kuhusu ugomvi wa nyumbani kwao. Familia yake ilitoka Fizi, nchini Kongo, ikakaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ndipo ikapelekwa Marekani. Kila mwaka, barabara zikishakauka na watu wameanza kuweka makoti kabatini, huja dhoruba moja ya mwezi wa tatu ikafunika kila kitu upya. Siku hiyo mama yao huketi jikoni na kusimulia Machi yao ya kwanza ugenini. Shida ni kwamba kisa hakitulii. Zamani, gari lililonasa kwenye theluji lilisukumwa na jirani Mnepali. Baadaye Wanepali wakawa watatu. Siku hizi anayesukuma ni kaka mkubwa, tena kwa ndala, na kaka mwenyewe anaapa kuwa asubuhi ile alikuwa amelala. "Mama anatunga," anasema. Msomaji anauliza kama ni kweli mama anatunga. Anauliza pia kwa nini iwe Machi, wakati Januari ina theluji kibao na mama huwa hana habari nayo.

Hapa ilinipasa nieleze theluji inavyoumbika mawinguni, jinsi Ziwa Ontario linavyochangia zaidi ya mita 3 zinazoanguka Syracuse kwa mwaka, na jinsi baridi ya kaskazini inavyokutana na joto la kusini kuelekea mwisho wa kipupwe. Yote hayo yamo kwenye vitabu vya jiografia. Mimi nimenaswa na mama.

Tuanze na jambo jepesi. Kumbukumbu hupenda kurudi pale mazingira yanapofanana na yale ilimozaliwa. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwapa wazamiaji 18 orodha za maneno huko Scotland, nyingine wakiwa nchi kavu, nyingine wakiwa chini ya maji. Maneno waliyojifunza majini waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa majini. (Kuna waliolirudia jaribio hilo miaka ya karibuni wasipate matokeo yale yale, lakini twende.) Theluji nayo ni mazingira kamili yasiyofanana na mengine. Mwanga wa dirishani hubadilika, pua hukauka, na sauti za mtaani hufifia, kwa sababu theluji mpya kwa sehemu kubwa ni hewa iliyonaswa kati ya chembe za barafu, na vijitundu hivyo hunyonya mawimbi ya sauti kabla hayajamfikia mtu. Mama akikumbuka kitu katika hali hiyo, hakuna la kushangaza. Ila maelezo haya yanatosha kwa kukumbuka tu. Hayasemi Wanepali walitoka wapi kuwa watatu.

Kwa miaka mingi wataalamu wa ubongo waliamini kwamba kumbukumbu huwa laini inapozaliwa, kisha hukomaa, na ikishakomaa haiguswi tena. Fununu za kinyume zilikuwepo tangu 1968, zikapuuzwa. Ndipo kijana mmoja mtafiti, Karim Nader, aliyekuwa katika maabara ya Joseph LeDoux pale Chuo Kikuu cha New York, akaamua kujaribu mwenyewe. LeDoux alimwambia anapoteza muda. Hakusikia, na mwaka 2000 matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Nature, Nader na Glenn Schafe na LeDoux huyo huyo.

Jaribio lenyewe ni tamu kwa jinsi lilivyo rahisi. Panya anasikia mlio, kisha anapigwa shoti ya umeme miguuni. Kesho yake akisikia mlio peke yake anaganda kama gogo: amejifunza. Nader aliwasikilizisha panya waliokwisha kujifunza ule mlio mara moja tu, ili wakumbuke, kisha akawadunga anisomaisini ndani ya amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu. Anisomaisini huzuia seli zisitengeneze protini mpya. Siku iliyofuata panya wale waliposikia mlio, hofu yao ilikuwa imepungua mno. Lakini wenzao waliodungwa dawa ile ile bila kukumbushwa kwanza, hofu yao ilibaki nzima. Na waliokumbushwa, wakaachwa saa 6 ndipo wakadungwa, nao walibaki na hofu yao. Kwa hiyo dawa haifuti chochote kilicholala. Inakipata kile kilichoamshwa, tena ikiwahi.

Fikiria kichwa kilichosukwa twende kilioni. Ukilala nacho, ukienda nacho sokoni, mvua ikikunyeshea, msuko uko pale pale. Huwezi kuubadilisha mtindo bila kuufumua. Sasa kukumbuka, kwa maana hii ya Nader, ni kufumua. Nywele ni zile zile, lakini kwa saa kadhaa ziko huru, zimesimama, zinapitisha chanuo, na mtu hawezi kutoka nazo vile. Lazima zisukwe tena, na kusuka kunadai mikono. Katika ubongo mikono hiyo ni protini mpya zinazokaza maungio kati ya seli za neva. Msusi akiitwa katikati ya kazi asirudi, upande mmoja unabaki timutimu: hao ndio panya wa anisomaisini. Msusi akija na rasta mkononi, nywele zinaungwa, na ukishamaliza huwezi kuona kwa macho uzi wa dukani unaanzia wapi. Msusi akiwa na haraka, mistari minane inakuwa sita. Jirani aliyekaa kwenye kigoda pembeni akitoa maoni, maoni yake yanaingia kichwani kihalisi kabisa. Na anayesukwa akijitazama kwenye kioo hamkuti mtu wa juzi. Anamkuta mtu wa leo, na kwa kuwa ule msuko wa juzi haupo tena, hana cha kulinganisha nacho. Hapo ndipo ninapomtetea mama. Anayetunga anajua msuko wa kwanza ulivyokuwa na anauficha. Mama hana wa kwanza wa kuficha. Anao huu uliopo kichwani, na anausimulia kwa uaminifu wote.

Kuhusu jina la kufumua na kusuka huku. Najua kuna watakaopendelea "uimarishaji upya wa kumbukumbu". Silipendi. Kwetu kuimarishwa ni kwa kingo za mito na thamani ya shilingi, na linamfanya msomaji adhani kumbukumbu hutoka ngumu kuliko ilivyoingia, jambo ambalo si lazima. "Uhifadhi upya" linanukia masijala. Nitasema usukaji upya, mhariri akiniachia.

Sasa Machi. Jibu la sehemu hii lilitoka kwa kaa. Mwaka 2004, María Eugenia Pedreira na wenzake wa Chuo Kikuu cha Buenos Aires walikuwa wakiwafundisha kaa kwamba ndani ya chombo fulani kitu cheusi kitapita juu yao, kama ndege anayewinda. Baadaye waliwarudisha kaa wale ndani ya chombo. Pale kitu cheusi kilipopita kama ilivyotarajiwa, kaa alikumbuka, lakini kumbukumbu yake haikufunguka. Dawa ya kuzuia protini haikuipata. Pale kaa alipowekwa chomboni, akangoja, kisha akatolewa bila kitu chochote kupita, kumbukumbu ilifunguka na dawa ikaipata. Kukumbuka peke yake hakufumui. Kinachofumua ni pengo kati ya ulichotarajia na kilichotokea. Mwaka 2013 Dieuwke Sevenster, Tom Beckers na Merel Kindt, huko Amsterdam, walionyesha jambo la namna hiyo kwa binadamu, wakitumia propranololi, dawa ya kawaida ya moyo, na picha za buibui. Waliopata kitu tofauti na walichotarajia, hofu yao ilishikika na dawa. Waliopata walichongojea hawakubadilika.

Naona kama ubongo una ubahili wake hapa, na ni ubahili wenye akili. Kama ulimwengu umekuja jinsi ulivyousubiri, ya nini kufumua? Msuko bado unafaa. Ni pale ulimwengu unapokwenda kombo ndipo ujuzi wa zamani unahitaji kupitiwa.

Basi theluji ya Januari, Syracuse, ni kitu cheusi kinachopita kwa wakati wake. Mama anavaa buti, analalamika kidogo, anaendelea na maharage yake. Ya Machi inamkuta amekwisha kuamini kuwa baridi imeondoka. Kila alichokitarajia asubuhi ile kimepinduliwa, na papo hapo mazingira ni yale yale ya mwaka wa kwanza. Sijui mazingira mazuri zaidi ya kufumua kumbukumbu. Hili la Machi ni langu mwenyewe, hakuna kaa aliyepelekwa Syracuse.

Ila kuna jamaa walionipa moyo. Machi 10, 1888, New York ilikuwa na joto la kupendeza. Watu walidhani majira yamegeuka. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 12, mvua iligeuka theluji, na dhoruba ilipopita jiji lilikuwa limefunikwa na sentimita 53, pepo zikiwa zimeirundika hadi kwenye madirisha ya ghorofa. Watu kama 400 walikufa kwenye pwani ile ya mashariki, nusu yao jijini humo. Roscoe Conkling, aliyewahi kuwa seneta mwenye sauti kubwa, aliona dola 50 za teksi ya farasi ni wizi, akatembea kutoka Wall Street kuelekea Madison Square, akaanguka njiani. Alifariki Aprili 18. Barafu ilifunga East River na watu wakavuka kutoka Brooklyn kwa miguu.

Waliookoka hawakuwa na haja ya kukumbushwa. Mwaka 1929 waliunda chama chao, Blizzard Men of 1888, cha kukutana na kusimuliana, na mwaka 1938, nusu karne baada ya dhoruba, Samuel Meredith Strong akachapisha kitabu cha masimulizi yao. Mimi ningekitumia kwa tahadhari. Ukiwaza wazee wale mezani, kila mmoja akifumua mbele ya wenzake wenye rasta mikononi, utaelewa kwa nini.

Niseme haraka kwamba panya si mama, kwamba kaa yuko mbali zaidi, kwamba baadhi ya majaribio haya yamegoma yaliporudiwa, na kwamba hofu ya mlio si sawa na kisa kirefu cha gari lililonasa. Tuendelee.

Nader mwenyewe amesimulia kwamba alikumbuka kuona kwenye televisheni, siku ile ile ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ndege ya kwanza ikigonga jengo. Picha hizo hazikuonyeshwa mpaka siku ya pili. Hata fundi wa kufumua hufumuliwa.

Kwa hiyo, dada, mwambie kaka yako hivi. Akimsahihisha mama katikati ya simulizi, ndiye jirani wa kigodani: neno lake linasukwa ndani, na mwakani mama atalitoa kama lake. Inawezekana hata zile ndala ziliingia hivyo, siku kaka alipofanya mzaha. Naye asijiamini kupita kiasi kuhusu kulala kwake. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 28, 1986, Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory aliwaandikisha wanafunzi wake kesho yake asubuhi walikuwa wapi waliposikia habari. Karibu miaka mitatu baadaye aliwauliza tena 44 kati yao. Watatu tu walisema yale yale kwa kila jambo, na robo nzima walikosea yote, wengi wao wakiwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao za mwanzo, kwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi.

Kama mnataka kisa kisizidi kusukwa, dhoruba ijayo kila mmoja aandike chake peke yake, kabla ya mazungumzo, na karatasi zifungiwe. Mama kama hapendi kuandika, mrekodi kwa simu. Kaka apewe koleo wakati huo, akazoe theluji mlangoni.