Sosi ya Kijapani na omena ya Daraja Mbili: ipike kwa keja bila kusumbua mfuko

Kama umecheki video za Wajapani wakimwagia kuku sosi nyeusi ya kung'aa, halafu ukaenda supa bei ya chupa ikakufukuza, tulia. Ile ladha haiko kwa chupa. Iko kwa omena, ile dishi watu hucheka eti ni ya siku za sapa.

Mambo ni hivi. Wajapani huanza sosi nyingi na dashi, supu nyepesi ya mwani ama samaki wakavu. Kuna dashi ya niboshi, visamaki vidogo vya baharini vilivyokaushwa. Mwaka wa 1908, profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo alichunguza dashi ya mwani akapata kitu kinachoipa utamu ambao si wa sukari wala chumvi. Akauita umami. Soya inao, samaki mkavu pia anao, na zikikutana ladha inapanda mara dufu. Omena ni ya ziwa na harufu yake ni kali kuliko niboshi, lakini kazi inafanya.

Sasa cheki vitu unahitaji:

- Omena kavu, kikombe 1
- Maji, vikombe 2
- Soya sosi, nusu kikombe
- Sukari nguru iliyopondwa, vijiko 3 vikubwa
- Siki, kijiko 1 kikubwa
- Tangawizi na kitunguu saumu kidogo

Omena utapata Daraja Mbili ama soko la Keroka. Nguru hupikwa hapa kwetu, miwa ya Mugirango Kusini. Kwa soya sosi, soma lebo kwanza. Kama haitaji soya, ujue unanunua rangi na chumvi.

Toa vichwa na matumbo ya omena. Inachosha, lakini uchungu wote umekaa hapo. Osha mchanga na maji ya vuguvugu, kisha kaanga bila mafuta mpaka ikauke na harufu ipungue. Loweka kwa yale maji vikombe 2, nusu saa. Chemsha kwa moto mdogo dakika 10, chuja na kichungi cha chai. Usitupe omena, kaanga na nyanya udishi na ugali.

Pima kikombe 1 cha hiyo supu, ongeza vitu vingine vyote, rudisha kwa moto mdogo. Koroga kama dakika 15. Chovya kijiko, pitisha kidole nyuma yake: mstari ukibaki, zima. Usiongeze chumvi wala Royco, soya imetosha. Na kama una presha, hii ni ya kuonja tu.

Matumizi? Kuku wa kuchoma, paka sosi dakika za mwisho tu, maana sukari huungua haraka. Matoke ya kuchemsha, kata, kaanga kidogo, mwagia. Chinsaga nayo inashangaza: Wajapani hula mboga za kuchemsha na dashi na soya, wakiita ohitashi. Chemsha saga vile mathe hufanya, kamua maji, weka kijiko 1 cha sosi. Ule uchungu unatulia bila maziwa.

Mambo mawili ya kukuepusha na hospitali. Sosi iliyogusa kuku mbichi usiimwage kwa dishi iliyoiva kabla haijachemka tena. Na kama huna friji, pika ya kumaliza siku hiyo. Kwa friji, ndani ya chupa safi ya glasi, isipite wiki moja.

Ukiwa na wageni, uliza kwanza kama kuna anayedhurika na samaki ama soya. Wakisema wako sawa, weka sosi mezani, wadishi, halafu ndio uwaambie ni omena.