Uvimbe wa Tumbo Baada ya Ajali Usipuuzwe, Huenda ni Ngiri

Katika Kata ya Hamugembe, Manispaa ya Bukoba, bodaboda na baiskeli hubeba abiria na mikungu ya ndizi kila siku. Ajali inapotokea, wengi huangalia mifupa iliyovunjika na majeraha yanayovuja damu. Lipo jeraha jingine ambalo ni rahisi kupuuzwa, nalo ni ngiri ya ukuta wa tumbo, yaani henia.

Ngiri hiyo hutokea pale ncha ya usukani, teke la ng'ombe au kitu kingine butu kinapogonga tumbo kwa nguvu. Ngozi huvutika bila kuchanika, lakini misuli iliyo chini yake hupasuka na utumbo hupenya na kutokeza. Kwa kuwa ngiri ya aina hii ni nadra, uvimbe wake huweza kudhaniwa kuwa ni damu iliyovilia, na majeruhi akaishia kukandwa kwa maji ya moto nyumbani.

Kumkanda ni hatari, kwani kishindo kilichopasua misuli huweza pia kutoboa utumbo au kujeruhi ini na bandama. Aidha, utumbo ulionasa kwenye upenyo hukosa damu na kuoza.

Hospitalini, daktari humpima majeruhi akiwa amelala, na hali ikiruhusu humtaka akohoe ili aone kama uvimbe unaongezeka. Altrasaundi huweza kuonesha upenyo huo, lakini CT-Scan huonesha kwa uhakika zaidi ukubwa wake na viungo vilivyoumia.

Tiba yake ni upasuaji. Utumbo ukiwa umetoboka au kunasa, upasuaji hufanyika kwa dharura. Upenyo mdogo hushonwa kwa uzi. Mkubwa huweza kuzibwa kwa wavu maalumu, ingawa wavu huo kwa kawaida huepukwa pale uchafu wa utumbo umemwagika tumboni. Baada ya upasuaji, mgonjwa hatakiwi kubeba ndoo ya maji, mkungu wa ndizi wala mzigo mwingine mzito hadi daktari atakapomruhusu.

Wananchi wanashauriwa kumwahisha kituo cha tiba mtu yeyote, hususan mtoto aliyeanguka na baiskeli, anayepata uvimbe tumboni baada ya kugongwa. Maumivu yanayozidi, kutapika, tumbo kuwa gumu au kushindwa kutoa haja kubwa na hewa ni dalili za hatari. Majeruhi asipewe chakula wala kinywaji kabla ya kuonwa na daktari.