Tosta, Shaba na Volti Zinazopotea Njiani

Ukichungulia ndani ya tosta iliyowashwa, utaona waya bapa, mwembamba, uliozungushwa kwenye vibamba vya maika, umeiva mwekundu. Waya huo si shaba. Ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromi ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906. Shaba huupitisha umeme bila taabu. Nikromu huuzuia takriban mara 60 zaidi, na kizuizi hicho ndicho kinachougeuza umeme kuwa joto. Tena shaba ikipashwa moto mkali hewani hutoa magamba meusi yanayobanduka, ilhali nikromu hujivika utando wa oksidi ya kromi unaoilinda. Bila aloi hiyo, tosta ya kurusha mkate ukishaiva, ambayo Charles Strite aliipatia hataza mwaka 1921, isingedumu jikoni.

Kazi ya shaba ni kuufikisha umeme, na joto lolote linalozuka ndani yake ni hasara. Hapo ndipo Kolwezi inapohusika, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unaoipelekea dunia shaba na kobalti huku wenyeji wengi wakipika kwa mbabula na makaa ya miti. Naamini kinachoikwamisha tosta huko, na jiko la umeme pia, ni kipande cha mwisho cha waya kinachoingia mtaani, kuliko hata bei ya chombo. Waya ukiwa mrefu, mwembamba na wenye nyumba nyingi, jioni kila mtu akiwasha chake, volti hushuka. Tosta ya volti 220 ikipata 180 haipotezi kidogo tu: joto hufuata mraba wa volti, kwa hiyo hubaki theluthi mbili. Mkate hukauka kabla ya kupata rangi, kwa sababu rangi ile ya kahawia huhitaji uso wake upite nyuzi 140 hivi.

Atapinga mtu kwamba tatizo ni uhaba wa umeme wenyewe. Ana hoja. Lakini mabwawa ya Nzilo na Nseke yamo kwenye mto Lualaba tangu miaka ya 1950, na mwaka 1982 njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilikamilika ikiishia Kolwezi. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu. Hauwezi kuchotwa njiani bila kituo ghali cha kuugeuza, na vijiji vilivyo chini ya nguzo zake huishia kuutazama tu. Kolwezi haina kikwazo hicho, kwa kuwa kituo cha kuugeuza kipo hapo hapo. Njia ilijengwa kwa ajili ya migodi, na migodi bado ndiyo yenye nyaya nene. Wala si lazima nyaya za mtaani ziwe za shaba. Alumini inatosha, mradi iwe nene.

Wengine watasema tosta ni anasa inayokula umeme. Tosta ya wati 900 ikiwaka dakika mbili hutumia wati-saa 30, sawa na balbu ya wati 10 iliyowashwa saa tatu. Mkoa wa Lualaba, ilimo Kolwezi, unapopanga miradi yake ya umeme, uanze na nyaya za mitaani, kisha megawati mpya.