Sarafu ya Mshindi na Jasho la Mpagazi

Sarafu ni kitu kidogo cha kutiwa mfukoni, lakini tangu kale watawala wameifanya mbiu ya kutangazia ushindi wao. Warumi waliiteka Misri mwaka 30 kabla ya Kristo. Miaka miwili baadaye mtawala wao Octavian, ambaye ndiye Augustus, alitoa sarafu za fedha zenye picha ya mamba na maneno ya Kilatini yasemayo kwamba Misri imetekwa. Nchi nzima na watu wake ikawa mnyama mmoja kiganjani mwa mshindi.

Hapa kwetu nako iko sarafu iliyozaliwa vitani. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamefungiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza, walipungukiwa na fedha. Wakafua sarafu katika karakana ya reli ya Tabora: nyingine za shaba ya manjano, nyingine za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Hiyo ya dhahabu ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, kana kwamba ndiye mshindi. Lakini Wabelgiji waliiteka Kigoma mwezi Julai mwaka huo huo, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora yenyewe.

Je, wananchi walipata nini? Nchi ya Waha, kuanzia Kasulu hadi Kibondo na vilima vya Mtendeli, ilikaa mikononi mwa Wabelgiji mpaka 1921, ikakabidhiwa kwa Waingereza. Bwana alibadilika mara mbili. Mwenye nchi hakuulizwa. Watu waliozoea kubadilishana kwa chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma walidaiwa kodi kwa fedha za mkoloni, na vijana wengi wa Kiha wakaenda kuzitafuta katika mashamba ya mkonge, mbali na wazazi wao.

Hakuna sarafu ya vita hivyo iliyochorwa mpagazi, ingawa maelfu kwa maelfu ya Waafrika walibeba mizigo ya majeshi yote, na wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Ukumbusho wao ni jina la Kariakoo, Dar es Salaam, walikopiga kambi wapagazi wa jeshi la Waingereza.

Basi, mzazi, utakapompeleka mwanao sokoni Kariakoo, mwambie habari hiyo. Mshindi amejiandikia yake kwenye dhahabu. Ya mpagazi tusipoisimulia sisi, nani ataisimulia?