Feni ya Kompyuta Mpakato Inapolia Katika Baridi ya Gare

Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta mpakato huishia kuwa joto. Sehemu ndogo hutoka kama mwanga wa kioo na sauti ya spika. Unaobaki hugeuka moto unaotafuta pa kutokea. Prosesa ya laptopu nyembamba ya ofisini kwa kawaida huundwa kwa kiasi cha wati 15, na zile za michezo au za kuhariri video hufika wati 45 na kupita. Wati 15 si kitu mbele ya pasi ya umeme. Tofauti ni kwamba pasi hutandaza moto wake kwenye bamba zima, ilhali kipande cha silikoni ndani ya laptopu hakizidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Za leo zina mabilioni, zimebanana mahali padogo, na kila moja hutoa chembe yake ya joto.

Moto huo una njia yake maalumu. Hutoka kwenye prosesa, ukapita katika tabaka jembamba la pesti ya kupitisha joto, ukaingia kwenye bamba la shaba, kisha kwenye bomba bapa la shaba. Bomba hilo limefungwa pande zote na ndani yake mna maji kidogo sana. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa pili, hapo hupoa na kurudi kuwa maji, nayo hunyonywa na kuta za bomba hadi yalikotoka. Upande huo wa pili kuna mapezi membamba ya chuma yaliyopangwa kama meno ya kitana, na mbele yake ndipo feni ilipo. Feni huvuta hewa kutoka chini ya mashine, huisukuma katikati ya mapezi, na hewa hutoka ubavuni au nyuma ikiwa na moto. Laptopu inayochemka ina kasoro mahali fulani katika njia hii, au imepewa kazi kubwa kuliko njia yenyewe inavyoweza kubeba.

Katika kata ya Gare, wilayani Lushoto, jambo hili huwashangaza wengi. Hii ni Milima ya Usambara Magharibi. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti watu hutembea na makoti na mashuka mabegani hata mchana. Inakuwaje mashine ipate moto mahali ambapo chai hupoa kabla ya kikombe kufika nusu? Yapo maelezo ya sehemu moja tu ya swali hilo. Hewa ya mlimani ni nyepesi: kwenye mwinuko huo kanieneo yake imepungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba hewa kidogo zaidi na, pamoja nayo, joto kidogo zaidi. Lakini upungufu huo hufidiwa kwa wingi na ubaridi wenyewe. Hewa ya nyuzi 15 inayoingia kwenye laptopu huko Gare ina nafasi kubwa ya kupokea moto kuliko hewa ya nyuzi 30 ya Tanga mjini. Kwa hiyo laptopu inayochemka Gare mwezi Julai haina haki ya kulaumu hali ya hewa.

Tena baridi ina hila yake: huficha ugonjwa. Mashine ambayo mapezi yake yamezibwa nusu huendelea kufanya kazi mlimani bila mwenye nayo kushtuka. Siku inaposafirishwa kwenda Mombo, chini ya milima, au Tanga kwa ajili ya semina, inazima yenyewe katikati ya kazi. Mwenye nayo husema imeharibika safarini. Kumbe imekuwa ikiugua kwa miaka, na ubaridi wa Gare ndio uliokuwa ukiibeba.

Chanzo cha kwanza cha ugonjwa huo mara nyingi ni blanketi. Jioni za kipupwe laptopu hufanyiwa kazi kitandani au kwenye kochi, imepakatwa juu ya blanketi au shuka zito. Jina lenyewe la kompyuta mpakato linahimiza hivyo. Ila matundu ya kuvutia hewa yako chini, na kitambaa huyaziba yote kwa mara moja. Feni huanza kulia kwa nguvu, kisha mashine inakuwa nzito, programu zinakwama. Kuiweka juu ya meza, au hata juu ya sinia au kipande cha ubao mapajani, hutosha kuinyamazisha ndani ya dakika chache. Hakuna tiba nyingine katika habari hii yote iliyo rahisi kama hiyo, na ndiyo ya kujaribiwa kabla ya kumtafuta fundi.

Chanzo cha pili ni vumbi, nalo vumbi la Usambara si la kawaida. Wakati wa kiangazi barabara za udongo mwekundu hutoa unga laini unaopenya kila mahali. Nyumba nyingi hupikia kuni, na moshi wa kuni una mafuta na masizi yanayonata. Juu ya hayo kuna ukungu na unyevu. Vitu hivyo vitatu vikikutana ndani ya laptopu, vumbi halibaki unga wa kupeperushwa kwa pumzi. Hushikana na nyuzinyuzi za nguo, likawa tabaka kama kipande cha sufi, limekaa kati ya feni na mapezi. Feni huzunguka kwa kasi zote, lakini hewa haipiti. Mtu akitazama kwa nje haoni kitu, kwa sababu tabaka hilo hukaa upande wa ndani wa mapezi.

Chanzo cha tatu ni begi. Laptopu iliyofunikwa bila kuzimwa huwa imelala tu, na mashine nyingi za miaka ya karibuni huweza kuamka zenyewe ili kupokea masasisho. Ikiamka ndani ya begi lililofungwa, juu ya bodaboda inayoteremka kutoka Gare kwenda Lushoto, hewa ya kuvuta hakuna. Hufika ikiwa moto wa kuunguza mkono na betri imekwisha. Kabla ya safari, mashine izimwe kabisa.

Kabla ya kushika bisibisi ni vizuri kusikiliza, maana sauti hueleza mengi. Mvumo laini unaopanda na kushuka kufuatana na kazi ni sauti ya feni nzima. Mvumo huo ni dalili ya bidii. Mvumo mkubwa usioshuka hata mashine ikiwa haina kazi humaanisha hewa haipiti, au kuna programu inayofanya kazi kimyakimya. Sauti ya kukwaruza, kama kinu cha kusagia kilichokauka, hutoka kwenye ekseli ya feni iliyolika. Sauti ya kugonga kwa haraka, tik-tik-tik, mara nyingi ni waya au donge la vumbi linalogusa mapanga ya feni. Mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika mtu anapoviringisha ukurasa kwenye kioo, hautoki kwenye feni kabisa. Ni mtetemo wa koili za umeme, unaudhi lakini hauna madhara. Na mgongano wa mara moja moja, kama kijiti kinachovunjika, kwenye mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka, ni onyo la diski: hapo kazi ya kwanza ni kunakili mafaili mahali pengine, habari ya joto ifuate baadaye.

Hali mbaya kuliko zote ni ukimya. Laptopu yenye moto mkali na isiyotoa mvumo wowote ina feni iliyokufa. Baadhi ya mashine hujitangaza zenyewe zinapowashwa: ThinkPad huandika ujumbe wa hitilafu ya feni na kugoma kuendelea, na mashine nyingi za HP huonyesha namba 90B. Kwa nyingine, kipande cha karatasi laini ya chooni kikishikwa mbele ya tundu la kutolea hewa kitatoa jibu. Kikipepea, feni inafanya kazi na njia iko wazi. Kikitulia ilhali feni inasikika, mapezi yamezibwa.

Uchunguzi wa programu huchukua dakika mbili. Katika Windows, kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua orodha ya programu zinazoendelea na kiasi cha prosesa kinachotumiwa na kila moja. Iwapo mtu hajafungua kitu na prosesa iko asilimia 60 au 90, kuna anayekula. Aghalabu ni masasisho ya Windows, ukaguzi wa virusi, au kivinjari chenye kurasa thelathini zilizoachwa wazi. Mahali ambapo bando hununuliwa kidogokidogo, masasisho hukatikakatika na kuanza upya kila intaneti inaporudi, na feni hulia kila mara pamoja nayo. Dawa ni kuyaacha yamalizike mara moja usiku mmoja, mashine ikiwa mezani. Umeme mdogo wa jioni, unaosingiziwa sana, hauhusiki: chaja za laptopu kwa kawaida hupokea volti 100 hadi 240.

Kusafisha huanza kwa kuzima mashine na kuchomoa chaja. Mwenye mashine asiyetaka kuifungua anaweza kupuliza hewa kwenye matundu kwa pampu au blowa isiyo na moto, kwa mipigo mifupi, huku feni ikizuiwa isizunguke kwa kijiti cha meno. Kuiacha izunguke ovyo kwa upepo huo huumiza ekseli, na feni inayozungushwa hugeuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye ubao mama wa mashine. Kwa vumbi la Usambara lililokwisha shikana, njia hii husaidia kidogo tu. Wakati mwingine huligandamiza zaidi. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya matumizi ni bora mfuniko wa chini ufunguliwe.

Hiyo ni kazi ya fundi au ya mtu mwenye mkono mtulivu. Skrubu za laptopu hutofautiana urefu, na ndefu ikirudishwa pa fupi huweza kutoboa ubao. Ndiyo maana fundi makini huchora umbo la mashine kwenye katoni na kuchomeka kila skrubu mahali pake. Waya wa betri huchomolewa kabla ya kitu kingine chochote kuguswa. Kisha feni hutolewa, tabaka la vumbi huondolewa zima kwa koleo ndogo au brashi laini kavu, na mapezi hukaguliwa kwa kuyaelekeza kwenye mwanga: mwanga ukipita kati ya kila pezi, kazi imekwisha.

Ikiwa mapezi ni safi na mashine bado inachemka, zamu ni ya pesti. Baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasuka, na nyufa hizo hujaa hewa, ambayo hupitisha joto vibaya mno. Laptopu nyingi zinazouzwa Tanzania ni zilizokwisha kutumika ng'ambo, hivyo pesti yake huwa na umri mkubwa kuliko mnunuzi anavyodhani. Ya zamani hufutwa kwa pamba na spiriti isiyo na mafuta, na mpya huwekwa kiasi cha punje ya mchele kwa prosesa ndogo. Kuijaza hakuongezi ubaridi. Skrubu za bamba mara nyingi huwa na namba 1, 2, 3, 4, nazo hukazwa kwa mpangilio huo, kidogokidogo, ili bamba lilale sawa. Wapo wanaopaka dawa ya meno pesti inapokosekana. Hukauka upesi na kuiacha mashine katika hali mbaya kuliko ilivyokuwa.

Feni inayokwaruza hubadilishwa kwa namba iliyochapwa mgongoni mwake, si kwa kukadiria umbo. Tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli huinyamazisha kwa wiki au miezi, nalo linafaa wakati feni mpya ikisubiriwa kutoka Dar es Salaam. Likigeuzwa kuwa tiba ya kudumu, huvuta vumbi jipya na feni hufa siku isiyotarajiwa. Kwa mashine ambayo haiwezi kufunguliwa karibuni, mipangilio ya umeme ya Windows ina kikomo cha juu cha prosesa. Kukishusha kutoka asilimia 100 hadi 99 huzuia mwendo wa ziada kwenye prosesa nyingi, na joto hupungua kwa kiasi cha kuonekana huku kazi za kuandika zikiendelea kama kawaida. Zipo pia laptopu zisizo na feni kabisa, kama MacBook Air ya mwaka 2020 yenye prosesa ya M1, ambazo hujilinda kwa kupunguza mwendo peke yake.

Joto la muda mrefu huacha alama kwenye betri. Padi ya mguso inapoinuka, au mfuniko unapokataa kufunga vizuri, betri imevimba. Hapo mashine haitumiki tena mpaka betri itolewe, na haitobolewi wala kubanwa irudi, kwa kuwa inaweza kuwaka moto.

Unyevu una lake. Laptopu iliyolala katika ubaridi wa mlimani ikifunguliwa ghafla katika hewa nzito ya Tanga hutoa jasho ndani kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Inapaswa kukaa ndani ya begi lake saa moja hivi hadi ilingane na joto la mahali, ndipo iwashwe.

Majaribio ya mwisho baada ya matengenezo hufanywa kwa kuipa mashine kazi nzito kwa nusu saa huku programu ya kupima joto ikisomwa. Prosesa nyingi hujipunguza mwendo zinapokaribia nyuzi 95 hadi 105, na mashine huzima zikipita hapo. Kwa fundi wa Gare namba inayosomwa mezani haitoshi. Joto la prosesa hupanda karibu sawa na lile la hewa inayoizunguka, kwa hiyo chumba cha nyuzi 15 kikitoa 70, chumba cha nyuzi 30 huko Tanga kitatoa 85 hivi, na mashine itavumilia. Ikisoma 85 Gare, itafika 100 pwani. Hiyo irudishwe mezani ifunguliwe tena kabla mwenyewe hajapanda basi la kuteremka Mombo.