Mume Naye Apimwe

Ndoa ikikosa mtoto, wa kwanza kunyoshewa kidole ni mke. Atazungushwa hospitali hii na ile, huku mume amekaa kwa kuwa "ana nguvu zake". Akina mama, nguvu si mbegu. Mwanamume mwenye afya njema aweza kutoa shahawa zisizo na mbegu hata moja. Kipimo chake ni chepesi kuliko vingi anavyopitia mke. Tunashangaa kwa nini huachwa mwisho.

Mwaka 1976 wataalamu wa Italia, Tiepolo na Zuffardi, waliwakuta wanaume sita wa namna hiyo waliopungukiwa kipande cha kromosomu Y. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waligundua katika sehemu hiyo jeni waliyoiita DAZ. Wanaume 12 kati ya 89 wasio na mbegu hawakuwa nayo. Baadaye, kwa kingamwili zinazonasa protini ya jeni hiyo, ilionekana kwa hadubini ndani ya korodani, katika chembe zinazozaa mbegu.

Baadhi yao hupatikana mbegu chache korodanini, za kutungishia mimba maabara. Ila mtoto akiwa wa kiume, atarithi upungufu ule ule. Wazazi waelezwe hayo kabla, wote wawili wakiwapo.